Sikio la mtoto linalovuja usaha: namna ya kulikausha na kulizuia lisirudi

Foronya ndiyo iliyonambia mwanzo. Asubuhi moja ya kipupwe nakunja matandiko, naona doa la manjano, ukubwa wa sarafu, limekauka na kuwa gumu kama uji uliomwagikia kitambaa. Mwanangu wa tatu alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Usiku kucha alikuwa akilia, mkono uko sikioni, hakubali kulazwa, hakubali titi. Karibu na alfajiri akanyamaza ghafla akalala, nami nikasema alhamdulillahi, maumivu yamemtoka. Kumbe ngoma ya sikio ilikuwa imepasuka. Usaha ulipata pa kutokea, ndipo akapoa.

Sikio lile lilivuja miezi 14. Dawa zilikuwepo na kituo cha afya si mbali. Kilichotuchelewesha ni neno moja ambalo kila niliyemuuliza hapa kwetu Wete alinijibu: "Ataacha akikua." Na mimi niliamini, kwa sababu nilikulia na kaka aliyekuwa akivuja sikio, tukiliona ni jambo la utoto kama kamasi. Kaka yangu leo ni mtu mzima mwenye wajukuu, na ukitaka akusikie sharti ukae upande wake wa kulia. Kushoto hakuna kitu.

Mimi nashona kofia, si daktari. Haya nayaandika kwa sababu nimefundishwa na muuguzi wa kituo chetu, baadaye na daktari wa masikio, nikayafanya kwa mikono yangu siku baada ya siku, na tangu hapo nimewaonesha majirani wengi.

Maradhi haya huingia kwa pua

Mavyaa wangu alinilaumu kwamba nimemkogesha mtoto kwa maji mengi yakaingia sikioni. Lawama hiyo niliibeba mwaka mzima, na haikuwa kweli. Ngoma ya sikio ni ngozi nyembamba iliyowambwa ndani kabisa, kama ngozi ya dufu. Ikiwa nzima, maji ya kukoga hayavuki, wala ya bahari. Nyuma yake ndipo lilipo sikio la kati, kijumba kidogo chenye hewa, na kijumba hicho kina mlango mmoja tu: mrija mwembamba unaoshuka mpaka nyuma ya pua. Ni ule unaousikia ukifunguka sikioni unapopiga miayo.

Kwa mtu mzima mrija huo una urefu wa kiasi cha sentimita 3.5 na umeinama, kwa hiyo kilichomo huteremka chenyewe. Kwa mtoto mchanga ni kama nusu yake, na umelala. Mtoto akishikwa na mafua, mrija unavimba na kuziba. Hewa ya ndani haipati kubadilika, maji hukusanyika, na vijidudu vilivyokuwa puani hupanda vikazaliana humo. Usaha ukijaa unaisukuma ngoma ya sikio kutoka ndani, na hapo ndipo mtoto analia kilio kile ambacho mama akishakisikia mara moja hakisahau.

Kwa hiyo watoto wa miezi 6 hadi miaka 2 ndio wanaoandamwa zaidi, na mara nyingi huanza siku mbili tatu baada ya mafua. Ukilijua hili, mengi yatakayofuata yatakuingia akilini. Utajua pia kwamba ule ugomvi wa "nani kamtia mtoto maji" hauna faida nyumbani.

Siku za kwanza, sikio likiwa linauma

Mtoto asiyejua kusema ataonesha. Atalia zaidi ukimlaza kuliko ukimkalisha, kwa sababu kulala kunaongeza msukumo sikioni. Atalishika titi, anyonye mara mbili tatu, aliachie kwa kilio, kwa kuwa kuvuta kunamuuma. Atakuwa na homa. Atavuta sikio, ingawa kuvuta sikio peke yake, bila homa na bila kilio, watoto wengi hufanya kwa kucheza tu.

Dawa ya kwanza ni ya maumivu, na watu wengi wanaisahau kwa kukimbilia dawa ya vijidudu. Parasetamoli ya maji, kwa kufuata uzito wa mtoto: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja. Dawa nyingi za maji huwa na miligramu 120 katika mililita 5, lakini soma chupa yako, kwa sababu nyengine ni nzito zaidi. Kwa chupa ya namna hiyo, mtoto wa kilo 10 anapata mililita 5. Pima kwa kijiko au bomba lililokuja na dawa. Vijiko vya chai havilingani, na vyangu vya nyumbani vinazidiana karibu mara mbili. Acha yapite masaa 6 kabla ya kumpa tena, na zisizidi mara 4 kwa siku na usiku wake. Asipirini usimpe mtoto. Na mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa usimpe chochote nyumbani, mpeleke aonwe siku hiyo hiyo.

Mbebe wima. Endelea kumnyonyesha, hata kwa kidogo kidogo. Kamasi zifute, na akiwa mchanga mno zilainishe kwa tone la maji ya chumvi ya puani yanayouzwa duka la dawa.

Halafu mpeleke kituoni akaangaliwe sikio kwa taa. Watoto wengi hupona wenyewe siku mbili au tatu, na daktari anaweza kumwambia mama wa mtoto mkubwa kidogo, mwenye maumivu madogo, asubiri na parasetamoli yake. Usimwone kama amekunyima dawa. Lakini hapa kwetu, mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye maumivu ya sikio au usaha ulioanza karibuni, mara nyingi atapewa amoksilini, asubuhi na jioni, kwa siku 5. Ukipewa, zifikishe siku 5. Siku ya pili mtoto atakuwa anacheza, homa hakuna, na mkono wako utataka kuifunika chupa ukaiweke kwa ajili ya mafua ya mwakani. Mimi niliiweka. Ndiyo chupa ninayoijutia kuliko zote. Na siku ya 5 mrudishe hata kama yuko sawa, wakalitizame tena.

Usilitie kitu

Nikiwa nakaa barazani na kofia yangu, nimeyasikia yote. Mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu thomu. Maziwa ya mama. Maji ya limau. Mkojo, astaghfirullah, nimeusikia na huo. Na sisi wa Pemba tuna letu la nyongeza, mafuta ya karafuu, kwa sababu yapo nyumbani na tunajua kwamba yanatuliza jino.

Jino na sikio si kitu kimoja. Mafuta ya karafuu ni makali. Tia tone moja mdomoni uone yanavyochoma. Ngoma ya sikio iliyopasuka ni mlango ulio wazi. Chochote unachokitia kinapita mpaka sikio la kati, na nyuma ya hapo ndipo palipo na kiungo chenyewe cha kusikia. Maziwa ya mama, pamoja na baraka zake zote, yakikaa mahala penye joto na unyevu yanakuwa chakula cha vijidudu. Mafuta ya nazi hufunga uchafu ndani, na daktari akija kutazama haoni kitu ila mafuta. Mimi nilitia mafuta ya nazi na thomu kwa wiki tatu, kila usiku, kwa mapenzi kabisa, na kila asubuhi usaha ulikuwa mwingi kuliko jana.

Na matone nayo yana hatari yake. Duka moja niliuziwa matone bila mtu kuniuliza kama sikio linavuja. Baadaye daktari aliyasoma akatikisa kichwa: kuna dawa za matone, jentamisini ni mojawapo, ambazo zikipita kwenye tundu la ngoma iliyopasuka zinaweza kudhuru usikivu moja kwa moja. Kwa hiyo matone yaliyobaki ya mtoto wa jirani, au ya macho, au yale ya mwaka juzi, yaache kabatini, au bora zaidi uyatupe.

Unyoya wa kuku, njiti ya kiberiti, pini ya nywele na vile vijiti vya pamba, hivyo vyote vinasukuma uchafu ndani na kukwaruza ngozi. Wazee wetu wana starehe yao ya kuzungusha unyoya sikioni baada ya laasiri. Sitawaondolea. Ila usiwafanyie watoto.

Utambi

Muuguzi aliniuliza swali moja tu: "Lilianza kuvuja lini?" Nilipomjibu ni zaidi ya mwaka, aliweka kalamu chini. Akanieleza kwamba mpaka ni siku 14. Sikio lililovuja chini ya siku hizo linatibiwa kwa dawa ya kumeza pamoja na kulikausha. Likipita siku 14 linaitwa sugu, na hapo dawa ya kumeza haina kazi kubwa. Kinachotakiwa ni kulikausha na matone maalumu. Katika hali zote mbili kuna jambo moja lisiloepukika, nalo ni kukausha. Matone yakitiwa juu ya usaha yanaelea juu ya usaha, hayafiki penye jeraha. Mimi nilikuwa nikitia dawa kwenye kidimbwi.

Kitu cha kukaushia ni utambi wa kitambaa, kama utambi wa koroboi: unafyonza.

Nakupa namna ninavyoufanya. Tafuta kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika. Kanga mpya haifai, bado ina wanga wa dukani na maji yanateleza juu yake. Ichemshe kwenye sufuria safi kiasi cha dakika 10, ianike juani, halafu ipige pasi ya moto na uihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko. Kata vipande vya mraba, kila upande upana wa vidole vinne. Huna kanga, tumia karatasi laini iliyo ngumu kuchanika. Ile ya chooni inayokatika ikilowa usiitumie, kipande kitabaki ndani. Pamba iliyofungwa kwenye kijiti pia hapana.

Osha mikono kwa sabuni. Chukua kipande, anzia pembeni kwenye kona moja, ukisokote baina ya kidole gumba na cha shahada mpaka kiwe na ncha upande mmoja na mkia mnene upande wa pili. Hapa mkono wangu wa kushona ulinisaidia, lakini mume wangu, ambaye ni fundi wa baiskeli na vidole vyake ni kama vya kaa, alijifunza kwa siku mbili. Ncha iwe laini, isikazwe ikawa mwiba.

Mkalishe mtoto mapajani kwa mtu mwengine, kichwa kimeegemea kifuani, mkono mmoja unazuia paji la uso. Kama ni mdogo, vuta sikio taratibu kuelekea nyuma na chini. Mtoto mkubwa na mtu mzima, nyuma na juu. Njia ya sikio inanyooka. Ingiza ncha polepole, ukizungusha, mpaka pale atakapokunja uso au utakaposikia kimegota. Usisukume zaidi ya hapo. Mkia ubaki nje, wa kuushika. Sasa uache. Kazi hii si ya kuchokora, ni ya kungoja. Mimi nasoma Alhamdu na Qul huwallahu mara tatu bila haraka, ni kama dakika moja, na mtoto naye anatulia kwa kusikia kisomo. Vuta utambi, utauona umelowa. Utupe. Sokota mwengine. Siku ya kwanza nilitumia tambi tisa kwa sikio moja mpaka ya kumi ikatoka kavu. Usikate tamaa kwenye ya nne, ambapo wengi wanaachia.

Fanya hivyo mara tatu kwa siku kwa uchache. Mimi nilifanya nne: baada ya alfajiri, kabla ya adhuhuri, baada ya laasiri na wakati wa kulala. Baina ya mara moja na nyengine usilizibe sikio kwa pamba. Liache lipate hewa. Pamba inayokaa kutwa inageuka kitanda cha vijidudu.

Matone yanayotolewa kwa sikio sugu ni ya jamii ya siprofloksasini, na hayo hayana hatari ile niliyoitaja. Mtoto wangu aliandikiwa mara tatu kwa siku, wiki mbili. Kwanza kausha kwa utambi. Pasha chupa joto kwa kuishika kiganjani dakika chache, kwa sababu matone ya baridi yanaleta kizunguzungu na mtoto atakuogopa. Mlaze ubavu, sikio bovu juu, tia idadi uliyoambiwa, halafu bonyeza mara kadhaa kile kijinyama kinachochomoza mbele ya tundu, kama unapiga pampu. Dawa inashuka. Abaki ubavu dakika 5. Mtoto mkubwa akikwambia anasikia ladha chungu kooni, furahi, maana dawa imepita kwenye tundu la ngoma na kufika ilikotakiwa.

Kwetu usaha ulipungua siku ya 4, ukawa maji maji siku ya 6, na siku ya 9 utambi wa kwanza wa asubuhi ulitoka mkavu. Nilikaa nao mkononi, nimeukunjua juu ya goti, nautizama kitambaa cheupe. Miezi 14 ya harufu, na siku 9 za kitambaa. Nililia, na sikulia kwa furaha.

Kabla sijasahau maji. Sikio ambalo ngoma yake ina tundu ndilo ambalo maji yanalidhuru. Ukimkogesha, chukua pamba, ipakaze vaselini mpaka isipitishe maji, izibe mlango wa sikio, mkogeshe, kisha iondoe mara moja. Baharini asizame mpaka daktari aseme tundu limeziba. Hili kwetu ni adhabu kubwa, watoto wa visiwani wanakulia majini, na mwanangu alikuwa akikaa juu ya mchanga anawatizama wenzake. Nilimruhusu maji ya magotini na ndoo ya kuchotea kaa. Watu wazima wananiuliza habari ya udhu. Kupangusa masikio katika madhehebu yetu ya Shafi ni sunna, na ni kwa kidole kilicholowa tu, maji hayamiminwi ndani. Kwa josho, muulize shehe wako na umweleze kwamba daktari amekukataza maji sikioni. Dini yetu ina njia kwa mgonjwa.

Usingoje kesho

Kuna mambo ambayo utambi hauyawezi. Uvimbe au maumivu nyuma ya sikio, pale kwenye mfupa, sikio likaonekana limesukumwa mbele. Shingo ngumu. Degedege. Mtoto anatapika kila kitu, au hanyonyi, au analala na haamki vizuri. Uso kwenda upande. Kizunguzungu cha kuanguka. Hayo ni ya hospitali wakati huo huo, usiku au mchana, hata kama gari ni ya kuazima, kwa sababu usaha umeanza kula mfupa au unaelekea kwenye ubongo.

Na kuna sikio ambalo limekaushwa kwa uaminifu wiki mbili, kwa utambi na matone, na bado linatoa usaha, hasa wenye harufu mbaya isiyokwisha. Hilo linataka daktari wa masikio, pua na koo, maana huenda kuna ngozi inayomea pasipo mahala pake na kula mfupa kidogo kidogo. Omba rufaa. Mimi nilipewa rufaa ya kwenda Unguja ili litazamwe tundu. Tulipanda meli usiku, mtoto kalala juu ya mkoba, tukashuka Malindi asubuhi. Daktari alisema tundu ni dogo, liachwe, huenda likajiziba sikio likibaki kavu. Lisingejiziba, angelitia kiraka akishakuwa mkubwa. Lakini aliniambia wazi kwamba kiraka hakishiki vizuri kwenye sikio lenye usaha. Tukarudi kwenye kukausha.

Chuoni

Alipotimia miaka 5 nilimpeleka chuoni, yaani madrasa ya kusoma Kurani. Mwezi wa pili mwalimu aliniita pembeni akanambia mtoto ni mkaidi: akimwambia herufi thaa, yeye anasema faa, akimwita, hageuki. Mimi nilijua. Nilimwomba mwalimu jambo moja, amkalishe mbele, upande ambao sikio lake zima linamwelekea, na amtizame usoni anapomtamkia. Mwalimu yule, Mungu amlipe, alifanya siku hiyo hiyo. Baada ya wiki chache thaa ikawa thaa.

Nalisema hili kwa kila mzazi na kila mwalimu wa skuli na chuo, kwa sababu fimbo nyingi zimeangukia watoto ambao hawasikii. Hata usaha ukishakwisha, maji yanaweza kubaki sikio la kati bila maumivu wala homa, na mtoto akawa anasikia kama aliyejifunika mto. Mara nyingi hukauka yenyewe ndani ya miezi 3. Yakizidi hapo, apimwe usikivu. Nyumbani jaribu hivi: simama nyuma yake hatua mbili, asikuone, mwite kwa sauti ya chini kabisa au umnong'oneze jina la kitu anachokipenda. Kwangu ni "urojo". Asiyegeuka kwa urojo hasikii. Mtoto anayeongeza sauti ya televisheni, anayeuliza "eeh?" kila neno, au aliyechelewa kusema, ni wa kupelekwa.

Kuzuia

Kunyonyesha kunasaidia, na ni maziwa tu kwa miezi 6 ya mwanzo, kwani yana kinga anayoihitaji mtoto dhidi ya mafua. Ukimpa chupa au kikombe, kichwa kiwe juu ya kiwiliwili. Mtoto anayelazwa chali na chupa mdomoni, maziwa yanapanda ule mrija uliolala. Hata titi la usiku, mnyanyue kichwa kidogo kwenye mkono.

Chanjo zikamilishe. Ile ya nimonia, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, inakinga dhidi ya kijidudu ambacho ni katika wanaoongoza kwa kuleta usaha wa sikio, ingawa jina lake linawafanya watu wadhani ni ya kifua tu. Surua nayo, miezi 9 na miezi 18, maana surua huacha masikio yameharibika. Kaka yangu hakuipata ile ya nimonia; hapa nchini ilianza kutolewa mwaka 2013. Wanangu wa mwisho wote wameipata, na kadi zao nimeziweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Moshi ndio uliokuwa mgumu kwangu. Jiko letu lilikuwa la ndani, tunapikia kuni na makumbi ya nazi, na mtoto nimembeba mgongoni. Moshi unaukera ule mrija ukavimba, hata bila mafua. Sikuwa na fedha za gesi wakati huo, kwa hiyo tulilihamishia jiko uani chini ya paa la makuti, na ilikuwa sharia kwamba wakati wa kupika mtoto anakaa na dada yake upande wa pili wa nyumba. Sigara vilevile. Mume wangu alianza kuvutia nje, kisha njiani, kisha akaacha.

Mafua hayazuiliki yote, lakini mikono huoshwa, na mtoto mwenye kamasi hapewi kikombe kimoja na mwenzake. Mfundishe kupenga tundu moja moja ya pua, polepole. Akiziba zote akapenga kwa nguvu anazipandisha kamasi sikioni. Na hili ni la wakubwa, kwa kuwa nina mashemeji wavuvi: anayezamia pweza asizamie akiwa na mafua. Mrija umeziba, hewa ya ndani haisawazishiki na uzito wa maji, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka hapo hapo chini.

Mwanangu sasa ana miaka 8. Tundu limejiziba, daktari alilitizama mara ya mwisho akasema limebaki kovu jeupe. Anaogelea. Kopo la vitambaa bado liko juu ya kabati, na kila akipata mafua namlaza mapajani siku ya tatu, namnusa sikio, namnong'oneza urojo.